Bafle kubwa saloni mwetu



Juma lililopita tulipokea barua ya mama mmoja wa Kadutu. Baba wa watoto alirudi nyumbani na bafle mbili, kila moja inamfikia kifuani mtoto wao wa miaka 10. Saloni yao ni ya mita 3 kwa 4, na ndani mlikuwa tayari na fotei nne, meza ya katikati, kabati ya vyombo na tele. Kwa kukosa nafasi, bafle moja imegeuka kuwa meza ya tele. Ya pili imevikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake kumewekwa chupa ya maua na picha ya arusi. Wageni wakiingia wanasifu. Lakini mama ana maneno mawili moyoni. Mtoto wao mchanga analala upande wa pili wa ukuta wa mbao, na kila jioni anaamka kwa kushtuka. Tena pesa iliyonunua bafle hizo ilikuwa inangoja minervali ya mkubwa wao wa sekondari. Anatuuliza kama azitoe au azizoee.

Tulisoma barua hiyo mbele ya wenzetu siku ya mkutano, na mikono ikainuka pande zote. Karibu kila mmoja anazo, au jirani yake anazo. Huku kwetu Bukavu bafle kubwa siyo chombo cha kusikilizia tu. Ni kama ile kabati ya vioo ya mama zetu wa zamani: inawekwa mahali ambapo mgeni ataiona kabla hajakaa. Wenzetu wengine walisema ziuzwe kesho asubuhi. Sisi hatukubali upesi hivyo. Kitu kama hicho kikishatoka dukani bei yake inashuka, na nyumba ambayo imekwisha kupoteza pesa ya masomo haina sababu ya kupoteza nusu nyingine. Tunaona afadhali bafle zibaki, lakini zikae kwa namna ambayo mtoto mchanga, jirani na mama mwenyewe wanaweza kuishi nazo. Neno la pesa tutalirudilia.

Kwanza tujue ni kitu gani kimeingia nyumbani. Ndani ya lile sanduku mna sumaku nzito, waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na koni ya karatasi au ya plastiki. Umeme ukipita ndani ya waya, koni inakwenda mbele na nyuma, inasukuma hewa, na hewa hiyo ndiyo sauti tunayosikia. Koni kubwa inatoa besi. Kale kadogo ka juu kanatoa sauti nyembamba. Sanduku nalo halikufanywa kubwa kwa ajili ya urembo. Kazi yake ni kuitawala hewa ya nyuma ya koni, ili isije mbele ikaiua besi.

Zamani besi ya chini ilidai sanduku kubwa kweli kweli. Mwaka 1946 Mmarekani Paul Klipsch alianza kutengeneza bafle inayokaa kwenye pembe ya chumba, kuta mbili za nyumba zikiwa kama sehemu ya bafle yenyewe, na hadi leo inatengenezwa. Mwaka 1954 mwingine, Edgar Villchur, alileta sanduku lililofungwa pande zote, hewa ya ndani ikiishika koni kama springi, na watu wakaona kumbe hata sanduku dogo linaweza kutoa besi nzuri. Hiyo haikuwazuia JBL kuleta Paragon mwaka 1957, kitu cha mbao chenye upana wa zaidi ya mita 2 na nusu, kama bife nzima ya saloni. Kwa hiyo wazo la kufanya bafle kuwa fenicha halikuanza na baba wa Kadutu. Tumwondolee mzigo huo.

Lakini tazameni jambo moja katika habari ya Klipsch: pembe ya chumba inaongeza besi. Yeye alitaka hivyo, akapima, akatengeneza bafle kwa ajili ya pembe. Sisi tunasukumia bafle ya kawaida pembeni kwa sababu ndipo penye nafasi, na besi inavimba hadi mabati yanalia na vikombe vinacheza ndani ya kabati. Halafu mbele ya bafle tunaweka fotei, na juu yake tunashusha kitambaa kinachofunika uso wote. Hapo ndipo mateso ya mtoto mchanga yanapoanza, na tunaomba tuelezane vizuri, kwa sababu wengi wanadhani kelele ya nyumbani inatoka kwa ukaidi wa baba tu.

Maneno ya mtu, yawe ya habari kwenye Radio Okapi au ya sinema, tunayatambua hasa kwa sauti nyembamba: zile s, f, t, ch. Sauti ya herzi 3000 ina wimbi la urefu wa sentimita 11 hivi. Kitambaa kizito, mgongo wa fotei, hata tumbo la mgeni linaizuia. Besi ni jambo lingine. Sauti ya herzi 50 ina wimbi la karibu mita 7, linalopita saloni nzima kwa urefu na upana. Fotei haiizuii, ukuta wa mbao hauizuii, na kilima chetu chenye nyumba zilizobanana hakiizuii. Basi baba anakaa, anasikia besi ikinguruma lakini hasikii mtu anasema nini, anachukua telekomande na kuongeza. Maneno yanaongezeka kidogo kwake, besi inaongezeka nyingi kwa mtoto na kwa jirani. Anaongeza tena. Huyo baba hatafuti kelele. Anatafuta maneno, na maneno yamezibwa na fotei.

Tulimtembelea mama mmoja wa shirika mwenye shida ya namna hiyo, tukajaribu siku ya jumamosi mchana, watoto wakiwa nje. Hatukununua kitu. Tulitoa kitambaa usoni mwa bafle, tukakiacha juu tu, kimekunjwa. Tulivuta kila bafle kutoka pembeni, ikawa mbali na ukuta wa nyuma kwa nusu mita na mbali zaidi na ukuta wa ubavuni. Fotei iliyokuwa mbele tukaihamishia kando. Tuliziacha bafle zikiwa mbali moja na nyingine kwa mita 2, na fotei ya katikati nayo mita 2 hivi, kama mafiga matatu. Tukazigeuza kidogo zimtazame anayekaa. Kale kadogo ka sauti nyembamba tulikaleta kwenye usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, maana bafle moja ilikuwa imelazwa ubavuni ili iwe benchi. Mwishoni tulitandika tapi katikati, kwa sababu sima tupu na kuta tupu zinarudisha sauti na kuyachafua maneno. Kabla ya kazi hiyo mzee wa nyumba alikuwa anasikiliza habari kwenye namba 24. Baadaye alikaa, akashusha mwenyewe hadi 15, akasema sasa anasikia hadi pumzi ya mtangazaji. Upande wa jikoni sisi tulikuwa tunaongea bila kupayuka.

Ndiyo maana tunamwambia mama wa Kadutu asianze na neno la kutoa. Neno hilo litazaa ugomvi, na bafle zitabaki palepale. Aanze na kumwomba baba wa watoto amsaidie kuzipanga ili zisikike vizuri zaidi. Mwanaume aliyenunua bafle hawezi kukataa kazi hiyo. Na kitanda cha mtoto kihamishwe kwenye ukuta mwingine siku hiyohiyo, kabla ya yote.

Juu ya masikio tusifanye mchezo. Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti, na zikifa haziote tena. OMS inasema mtu mzima asipitishe saa 40 kwa juma kwenye sauti ya desibeli 80, na mtoto asipitishe saa hizohizo kwenye desibeli 75. Kila desibeli 3 zikiongezeka, saa zinakatwa kwa nusu: kwa mtu mzima, kwenye 83 ni saa 20, kwenye 86 ni saa 10, kwenye 89 ni saa 5 tu kwa juma nzima. Simu nyingi zinaweza kuwekewa programu ya bure ya kupima desibeli. Haipimi kwa uhakika kama chombo cha daktari, lakini inaonyesha hatari. Asiye na simu ya namna hiyo anyooshe mkono: kama mtu aliye mwisho wa mkono wako hakusikii mpaka upige kelele, sauti hiyo imepita kipimo. Na mtoto akisema masikio yanalia nziii baada ya sikukuu, msimwambie ataizoea. Mtoto mchanga yeye hawezi kusema wala kutoka chumbani, kwa hiyo ni mtu mzima anayesema kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye meza. Hapa tutakuwa wakali kidogo, maana tumeona mengi.

Tele isiwekwe juu ya bafle ndefu. Bafle ya namna hiyo ina kiuno chembamba kuliko urefu wake, na mtoto anayejifunza kutembea anashika chochote kilicho mbele yake. Akivuta kitambaa, tele inakuja. Akipanda, bafle yenyewe inakuja, na tumesema ndani mna sumaku nzito. Tele ikae kwenye kabati fupi na pana, bafle zisimame kila upande. Kama mna watoto wadogo, fundi wa mbao afunge kila bafle kwa mkanda imara, na skrubu ziingie kwenye nguzo ya ukuta, siyo kwenye ubao mwembamba. Wenye tele za zamani zenye mgongo wajue tena kwamba sumaku ya bafle iliyo karibu inaweza kuharibu rangi za picha, watu wakaonekana wa kijani na zambarau. Tele nyembamba za sasa hazina ugonjwa huo.

Chupa ya maua yenye maji iondoke. Bafle nyingi za siku hizi zina ampli ndani, na ampli ina umeme wa volti 220. Besi inatikisa sanduku kidogokidogo, chupa inatembea hadi ukingoni bila mtu kuigusa. Maua ya plastiki hatuna neno nayo, ingawa mioyoni mwetu hatuyapendi. Tena masanduku mengi siyo ya mbao ya kweli. Ni unga wa mbao ulioshikwa kwa gundi, na ukinywa maji unavimba kama mkate ndani ya chai, na hakuna fundi wa kuurudisha. Wakati wa kupiga deki, maji yanafika chini ya bafle bila kuonekana. Iwekeeni miguu ya mbao ya sentimita 4 au 5, inatosha.

Mshumaa! Umeme ukikatika, mkono wetu unakwenda wenyewe kwenye kitu kirefu kilicho tambarare, na hicho ni bafle. Kitambaa cha kufuma, sponji ya mbele, gundi: vyote vinashika moto. Mshumaa ukae kwenye sahani, juu ya meza isiyo na kitambaa. Na umeme ukirudi huwa unarudi kwa nguvu. Afadhali prizi ya bafle iwe imechomolewa ikangoja dakika chache. Nyuma ya bafle yenye ampli mna kipande cha chuma chenye mistari kinachopata joto. Kisifunikwe, kisibanwe na rido.

Lile tundu kubwa la mbele au la nyuma siyo mahali pa kuweka funguo wala telekomande. Hewa ya besi inapumulia hapo. Panya nao wanapapenda, mende vilevile, na watoto wanatumbukiza humo kila kitu kilichopotea nyumbani. Kipande cha wavu mwembamba kinawazuia bila kuziba hewa. Kuhusu kukaa juu ya bafle siku ya sikukuu wageni wakizidi viti, tunasema hapana. Isipokuwa zile masanduku ambazo mafundi wetu wenyewe wanazitengeneza kwa tripleks nene na misumari ya kutosha. Hizo zinabeba hata baba mkwe, ila hatumshauri mtu kumkalisha hapo.

Kwa yule anayetaka kabisa bafle zilingane na fenicha, kuna njia moja tunayoipenda. Mwite fundi wa mbao apime bafle kwanza, kisha atengeneze kabati ya tele yenye urefu na rangi ya kuendana nazo, ikiwa na uwazi wa kiganja kimoja kila upande ili bafle zisiguse mbao na kuzilialia. Yaani meza inaifuata bafle, haiigeuzi. Macho yanaona kitu kimoja, na kila kimoja kinafanya kazi yake.

Turudi kwenye pesa. Dada zetu wa MUSO wanajua kwamba pesa isiyo na kitabu haina mwenyewe. Minervali iliyokaa kwenye mfuko wa koti siyo minervali bado, ni pesa tu, na duka la bafle halitaiuliza imetoka wapi. Mama wa Kadutu hakukosa kumwamini mumewe, lakini kuanzia mwezi ujao pesa ya shule ipite kwenye sanduku la MUSO kwa jina la mtoto, wote wawili wakiwa wameweka sahihi. Na deni la sasa? Tunashauri bafle zilipe. Kila juma katika kila katia kuna arusi, kuna kutoa matanga, kuna sikukuu ya diplome, na watu wanakodisha bafle. Majirani wakija kuazima bure, na watakuja, baba aseme bei kwa upole. Waandikiane nani atalipa koni ikipasuka, maana bafle ya kuazimwa hurudi nyumbani usiku, na asubuhi ndipo inajulikana inakohoa. Pesa hiyo isiingie nyumbani, iende moja kwa moja kulipa shule kwa vipande. Mwanaume anayeona bafle zake zinamsomesha mtoto wake atasimama wima zaidi kuliko yule aliyeambiwa kila jioni kwamba ziliyala masomo. Ila waandike siku ambazo hazitatoka, na saa ambayo hazitapigwa nyumbani. Sisi tungesema saa mbili ya usiku mwisho, nyumba yenye mtoto mchanga.

Mama mmoja aliyekaa nyuma mkutanoni aliuliza: na bafle iliyokufa? Swali hilo lilitufurahisha, kwa kuwa nyumba nyingi zina moja inayosimama pembeni, imevaa kitambaa, kama mzee asiyesikia tena. Hiyo sasa ndiyo fenicha ya kweli, hakuna anayewakataza. Fundi wa redio atoe kwanza ampli na nyaya, maana vipande vingine vya ampli vinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Sumaku na koni anaweza kuzinunua yeye mwenyewe kwa ajili ya vipuri, kwa hiyo msimwachie bure. Kisha fundi wa mbao aweke tripleks tatu ndani, kama mbao za kabati, na mbele mning'inize kipande cha kitenge. Ile ya kwa mama yule inaingiza viatu vya watoto jozi 12, na mgeni hajui kama hapo pana viatu.